Kazi isiyokukaa ukiwa na usonji: pa kuanzia, na pa kuondokea

Niliwahi kukaa mapokezi kwa miezi 11. Kazi yenyewe niliimudu. Mafaili yangu yalinyooka, nilikumbuka kila mgeni na shida iliyomleta, na hakuna barua iliyopotelea mikononi mwangu. Kilichonimaliza ni simu ya mezani. Ililia nikiwa katikati ya kuandika, mkono ukashika mkonga huku akili bado imeng'ang'ania sentensi niliyoiacha nusu. Nikishaongea, ilinichukua dakika kadhaa kurudi nilipokuwa, na kabla sijafika inalia tena. Jioni nilifika nyumbani nimekaukiwa maneno. Mtu akiniuliza kama nimekula, nilishindwa kujibu hata "ndiyo".

Kila niliyemweleza aliniambia mvumilivu hula mbivu, nijikaze kisabuni, kazi ni kazi. Nikajikaza, nikaishia kitandani.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu mwenye usonji (autism) kama mimi, yaani ambaye ubongo wake hupokea sauti, mabadiliko na mazungumzo tofauti na wengi, aliye pale nilipokuwa. Kazi ni kama nguo: imeshonwa kwa vipande vingi. Ikikubana kwapani unaichukia yote, na ukiulizwa kulikoni unajibu tu kwamba haikukai. Fundi hawezi kufanya lolote na jibu hilo. Atakuuliza: inabana wapi? Hatua zinazofuata ni za kulijibu swali hilo, kurekebisha kinachorekebishika, na kuivua mapema ikiwa kweli nguo nzima ni ndogo.

Hatua ya 1: Angalia umebakiwa na nini

Uko uchovu wa kawaida wa kazi, ule unaokwisha ukilala vizuri na kupumzika siku mbili. Na uko uchovu mwingine ambao wengi wetu wenye usonji tunaujua hata kama hatukuwahi kuupa jina. Mwaka 2020 Dora Raymaker, mtafiti ambaye naye ana usonji, pamoja na wenzake, waliueleza kwa mambo matatu: kuchoka kusikoisha, kupoteza uwezo uliokuwa nao, na kushindwa kuvumilia sauti, mwanga au miguso uliyokuwa ukiivumilia. Kwa kawaida huchukua miezi mitatu au zaidi.

Hilo la pili ndilo la kulitazama sana. Ukiona chakula ulichozoea kupika sasa hujui kianzie wapi, maneno yanakukimbia katikati ya mazungumzo, au unasimama mlangoni dakika kumi hujui ushike kwanza funguo au begi, usiende hatua ya 2. Nenda kwa daktari, omba mapumziko, punguza kila kinachopunguzika. Na ukiwa umeanza kufikiria kujidhuru, au kwamba heri usingekuwepo, mwambie daktari au mtu unayemwamini leo hii, kabla ya jambo lingine lolote. Kusema kukiwa kugumu, andika ujumbe umwonyeshe.

Kuna mtego hapa. Tafiti zimekadiria kwamba karibu nusu yetu tunapata taabu kutambua hisia zetu na kuzipa majina. Unaulizwa "unajisikiaje?" na jibu la kweli ni "sijui". Basi usiulize hisia, uulize mwili. Taya limekaza? Mabega yamepanda? Umekunywa maji tangu asubuhi? Mara ya mwisho kwenda msalani ilikuwa saa ngapi? Dalili yangu mimi ni kusoma mstari mmoja mara tatu bila kuuelewa. Nikifika hapo najua nimezidiwa, hata kama moyoni nahisi niko sawa.

Hatua ya 2: Daftari la wiki mbili

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo watu wengi huiruka kwa sababu wanadhani tayari wanajua kinachowaumiza. Mimi nilidhani najua. Nilikuwa na hakika kwamba tatizo langu ni wageni.

Chukua daftari dogo linaloingia mfukoni, au tumia simu. Kila siku ya kazi andika mambo matatu: saa, kilichotokea, na mwili ulifanya nini. Usiandike maoni wala hukumu. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi:

Saa 3:10. Wageni wanne kwa pamoja, nimewaandikisha wote. Mwili sawa.
Saa 3:40. Simu ya kwanza. Taya limekaza.
Saa 4:05. Simu mbili mfululizo nikiwa naandika barua. Nimesahau naandika nini. Kichwa kizito.
Saa 5:30. Msimamizi kabadilisha ratiba ya mchana ghafla. Tumbo linauma.
Saa 8:00. Nimepanga mafaili saa nzima peke yangu. Mabega yameshuka.

Wageni wanne kwa pamoja, mwili sawa! Nilitazama mstari ule muda mrefu. Mgeni anakuja na swali lake, ninamjibu, anaondoka; kila kitu kina mwanzo na mwisho ninaouona. Kumbe nilichokuwa nikikiita "watu" kilikuwa ni kukatishwa.

Baada ya wiki mbili pitia kurasa zote na uweke alama. Unatafuta vitu vya aina tano hivi. Kuna vinavyotoka kwenye milango ya fahamu, yaani kelele, taa, harufu, joto, sare inayowasha. Kuna kukatishwa na mabadiliko ya ghafla. Kuna maelekezo yasiyoeleweka, kama "shughulikia hilo" au "lete mapema". Kuna mazungumzo yasiyo na ratiba, yale ya kwenye korido na mezani wakati wa chakula. Na kuna kazi yenyewe, kile hasa unacholipwa kukifanya. Hesabu alama za kila aina. Zile nne za kwanza mara nyingi zinatibika. Alama zikijaa kwenye ya tano, peleka macho moja kwa moja hatua ya 6.

Weka alama pia mahali mwili uliposhuka na kutulia. Hizo zitakufaa baadaye kuliko unavyodhani.

Hatua ya 3: Rekebisha yasiyohitaji ruhusa ya mtu

Anza na masikio, kwa sababu kelele hula nguvu hata wakati unadhani umeizoea. Vifaa havifanani. Vipokea sauti vya masikioni (headphones) vinavyozima kelele hufanya kazi vizuri zaidi kwenye mngurumo usiobadilika, kama wa kiyoyozi, feni au injini. Sauti za watu wanaoongea bado zitapenya. Vizibo vya masikio vya sponji hupunguza karibu kila kitu, maongezi yakiwamo. Viko pia vizibo vinavyopunguza ukali tu huku ukiendelea kumsikia mtu aliye mbele yako, na kwa anayehudumia wateja hivyo ndivyo vya kutafuta. Ikiwa kazi yako ina ving'ora au mashine, uliza kwanza sheria za usalama.

Halafu taa. Zile taa ndefu za mirija za kizamani humetameta mara 100 au 120 kwa sekunde kufuata mkondo wa umeme. Watu wengi hawaoni lolote, lakini wapo ambao kichwa huanza kuwauma na macho kuchoka bila wao kujua kwa nini. Sogea karibu na dirisha, zima taa iliyo juu yako kama inazimika peke yake, au weka taa ndogo ya mezani.

Sare ikikuwasha, vaa fulana laini ya pamba ndani na ukate lebo zote. Kula chakula cha mchana peke yako bila kuomba radhi. Sema "nakwenda kupumzisha kichwa" na uende. Kama mikono yako hutulia ikiwa na kitu cha kuchezea, weka kitu mfukoni. Kujitikisa, kusugua kidole, kuzungusha kalamu, hayo mwili unayafanya ili ujishikilie. Ukiyazuia siku nzima unalipa jioni.

Na maelekezo yasiyoeleweka yana dawa rahisi: maswali matatu unayoyajua kwa moyo. "Unaihitaji lini hasa?" "Ikikamilika inatakiwa ionekaneje, kuna mfano?" "Na ile nyingine uliyonipa, ipi ianze?" Uliza kwa sauti ya kawaida kila mara, kwa kila mtu, mpaka wakuzoee kuwa ndivyo unavyofanya kazi. Mtu akikupa maelekezo mdomoni, mwandikie baadaye: "Nimeelewa hivi na hivi. Kama nimekosea, nirekebishe." Ujumbe huo wa mistari miwili umeniokoa mara nyingi.

Hatua ya 4: Chagua pa kuvaa barakoa

Wengi wetu tumejifunza tangu utotoni kuigiza, na hiyo ndiyo barakoa ninayoisema: kutazama watu machoni, kucheka wanapocheka, kuandaa sentensi kabla ya kuingia chumbani. Tafiti kadhaa zimehusisha uigizaji huu na wasiwasi na sonona, na sioni ajabu. Ni kazi ya pili unayoifanya juu ya ile unayolipwa, bila zamu wala mapumziko.

Sikushauri uivue yote kwa mkupuo. Pengine mahali ulipo si salama kufanya hivyo, na wewe ndiye unayejua. Lakini chukua jambo moja dogo uliache wiki hii. Mimi nilianza na macho: kwenye vikao niliacha kuwatazama watu na nikawa natazama daftari langu huku nikiandika. Hakuna aliyelalamika. Msimamizi akasema siku hizi naonekana nasikiliza kwa makini, na ni kweli, kwa sababu nilikuwa nasikiliza kwa mara ya kwanza.

Unapokwaruzana na wenzako, usikimbilie kujilaumu. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni Mwingereza mwenye usonji, alieleza jambo ambalo ningependa kila mmoja wetu alijue: mwenye usonji na asiye nao wanaposhindwa kuelewana, kushindwa huko ni kwa pande mbili. Wao pia hawakusomi. Hilo haliwafanyi kuwa wabaya, ila linakuondolea mzigo wa kuubeba mkwaruzano mzima peke yako.

Hatua ya 5: Omba marekebisho

Hapa watu wengi husita, na nawaelewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza jua unaomba ukiwa umesimama juu ya nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006 na nchi nyingi sana zimeuridhia. Ibara yake ya 27 inahusu kazi, na ibara ya 2 inahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayofaa kuwa ni aina ya ubaguzi. Marekebisho yanayofaa maana yake ni mabadiliko anayoyahitaji mtu ambayo hayampi mwajiri mzigo usiobebeka. Jinsi haki hiyo inavyotekelezwa hutegemea sheria ya nchi yako. Mahali pengine utaombwa barua ya daktari. Chama cha wafanyakazi au shirika la watu wenye ulemavu lililo karibu nawe watakueleza bila kumwambia mwajiri wako lolote.

Pili, kuomba marekebisho ni jambo moja, na kusema una usonji ni jambo jingine. Unaweza kufanya la kwanza bila la pili. "Nafanya kazi vizuri zaidi nikipata maelekezo kwa maandishi" ni sentensi inayojitosheleza. Ukilitaja jina la usonji unapata nguvu ya kisheria, lakini neno likishatoka halirudi. Kabla ya kumwambia msimamizi, msikilize jinsi anavyomzungumzia mfanyakazi mwingine aliyewahi kuugua, kufiwa au kujifungua. Ndivyo atakavyokuzungumzia nawe ukitoka chumbani.

Tatu, omba kwa kutumia daftari lako. Usiende na "nazidiwa". Nenda na kitu kimoja au viwili, vyenye kipimo, na muda wa kujaribu. Huu ni mfano wa ujumbe. Ubadilishe ufanane nawe:

"Habari za kazi. Nimekuwa nikiangalia namna ya kuongeza ubora wa kazi yangu. Nimeona makosa yangu mengi hutokea ninapokatishwa na simu nikiwa naandika barua. Naomba tujaribu kwa wiki nne: kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi simu ipokewe na mwenzangu, nami nimpokelee zake mchana, saa ambazo simu huwa chache. Baada ya wiki nne tukae tuangalie kama imesaidia. Naomba kama inawezekana unijibu kwa maandishi."

Tazama kilichomo. Tatizo limetajwa kama jambo la kazi, ombi lina saa kamili, kuna mwenzako ambaye hakuachiwa mzigo bure, na kuna tarehe ya kurudi mezani. Bosi wengi hukubali jaribio kwa urahisi kuliko wanavyokubali mabadiliko ya kudumu.

Mambo mengine yanayoombwa mara nyingi na kutekelezeka: ajenda ya kikao kutumwa siku moja kabla, meza iliyopakana na ukuta, mbali na mlango, zamu zisizobadilikabadilika, kuarifiwa mapema ratiba inapobadilika, mtu mmoja wa kukupa kazi badala ya watatu, ruhusa ya kutoka nje dakika tano.

Wakikubali kwa mdomo, andika baruapepe ya shukrani inayotaja mlichokubaliana, ili kiwe na ushahidi. Wakikataa, uliza sababu, kwa maandishi pia.

Baada ya kazi

Hii si hatua, ni sharti la hatua zote. Saa ya kwanza ukitoka kazini usimpe mtu. Chumba chenye giza, kuoga, kurudia lile jambo unalolipenda mpaka watu wanashangaa, chochote kinachokurudisha. Waeleze wa nyumbani kwako mapema kwamba ukimya huo hauna hasira ndani yake. Familia nyingi huumia bure kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Hatua ya 6: Weka tarehe ya uamuzi

Fungua kalenda na uandike siku moja, miezi miwili au mitatu mbele. Siku hiyo utalinganisha daftari la mwanzo na daftari jipya la wiki mbili. Bila tarehe, tunakaa. Wengi wetu mabadiliko hututisha kuliko maumivu tuliyoyazoea, na miaka inapita hivyo.

Alama zikiwa zimepungua na jioni zako zimerudi, endelea. Zikiwa zimepungua kidogo, omba marekebisho mengine na uweke tarehe nyingine, lakini moja tu. Ondoka ikiwa alama zimejaa kwenye kazi yenyewe, ikiwa unanyanyaswa, au ikiwa uwezo ulioupoteza haurudi. Kulazimisha hapo ni kutwanga maji kwenye kinu, na kinu ni mwili wako.

Kuondoka nako kuna utaratibu. Usitume barua ya kuacha kazi siku uliyolipuka au kuganda. Iandike ikiwa kuandika kunakutuliza, ihifadhi, uisome tena baada ya kulala usiku mbili tatu. Kama hali haihatarishi usalama wako, anza kuweka akiba na kutafuta kazi nyingine kabla ya kutoa notisi. Soma mkataba wako ujue notisi ni ya siku ngapi na likizo zako zilizobaki zinalipwaje. Omba barua ya utambulisho wa kazi ukiwa bado ndani, maana ukishatoka ni vigumu zaidi. Na ukipata kazi mpya, jitahidi kuacha nafasi katikati, hata siku chache, usiruke kutoka kiti kimoja hadi kingine ukiwa umechoka vilevile.

Kuacha kazi isiyokukaa hakuandikwi popote kwamba wewe ni mvivu. Nilihitaji mtu aniambie hivyo wakati ule.

Hatua ya 7: Tafuta inayofuata kwa daftari lilelile

Utaambiwa wenye usonji wanafaa kwenye kompyuta. Wapo wanaofaa. Wapo pia wauguzi, walimu, mafundi seremala, wapishi na madereva, na wako waliokaa mbele ya kompyuta wakateketea. Usichague kwa jina la kazi. Rudi kwenye zile alama za mahali mwili wako uliposhuka: mimi zangu zilikuwa kupanga, kuhakiki, na kumhudumia mtu mmoja mwenye swali moja. Sasa nafanya kazi ya kumbukumbu na nyaraka, na bado nahudumia watu. Wanakuja kwa miadi.

Kwenye usaili nawe uulize. "Siku ya kawaida hapa inaanzaje na inaishaje?" "Kazi hupewa kwa maandishi au kwa mdomo?" "Ratiba ikibadilika, mtu huambiwa lini?" Jibu likiwa "hapa kila siku ni tofauti, hatuna kuchoshwa", wengine hulifurahia, wewe liandike. Ukishindwa kujieleza kwenye usaili, omba maswali yatumwe kabla. Waajiri wengine hukubali, na namna wanavyolipokea ombi hilo itakueleza mengi juu ya miezi inayokuja.

Kabla ya kusaini, omba kuonyeshwa mahali hasa utakapokaa, na uchague saa ya shughuli nyingi. Wakikufikisha, waambie ungependa kusimama pale dakika tano. Sikiliza kinacholia, tazama taa, tazama watu wanapita wapi na nani anamkatisha nani. Kisha uulize mwili.